Kikao, Sanduku na Marejesho: Namna ya Kupanga Ziara ya Wanawake ya Kujifunza Mikopo Midogo

Ziara ya kujifunza mikopo midogo ni safari inayofungwa na kikundi cha wanawake ili kuona kwa macho jinsi wanawake wenzao wa kipato kidogo wanavyoweka akiba, wanavyokopa na wanavyorejesha. Wanaofunga safari hiyo kuja Afrika Mashariki ni wa namna nyingi: wanawake wa makanisa na vyama vya kijamii vya Ulaya na Marekani, Watanzania na Wakenya waishio ughaibuni wanaotaka kujua michango yao inafanya kazi gani nyumbani, na vyama vya wanawake vya nchi jirani vinavyotafuta utaratibu wa kuiga. Wote hukabiliwa na tatizo moja. Mgeni huonyeshwa mafanikio: duka lililopakwa rangi, cherehani mpya, ng'ombe wa maziwa. Mkopo wenyewe hauonekani dukani. Huonekana siku ya kikao, kwenye daftari la mweka hazina, na zaidi ya hapo wiki ile ambayo biashara imelala na marejesho yanadaiwa palepale. Ziara yenye faida hupangwa kwa kufuata siku hizo, na mengine yote huingizwa katikati.

Kazi ya kwanza ni kuchagua cha kuona, kwa kuwa mambo mengi yasiyofanana huitwa mikopo midogo. Chini kabisa kuna upatu, au mchezo: kila mmoja hutoa kiasi kilekile, kijumbe hukusanya, na anayefikiwa na zamu huchukua chote. Upatu hauna riba wala mtaji unaokua, lakini ndio chuo ambacho wanawake wengi walijifunzia nidhamu ya kutoa fedha kwa siku maalumu. Baada yake kuna vikundi vya hisa, vinavyojulikana Tanzania kama vikoba. Kenya vikundi hivyo huingia katika familia kubwa ya vyama. Katika vikundi hivyo wanachama hununua hisa, fedha ya hisa hukopeshwa kwao wenyewe, na riba huwarudia mwisho wa mzunguko. Kisha kuna SACCOS, zilizo vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vyenye ofisi na watumishi. Kisha kuna taasisi za mikopo zenye matawi na maafisa mikopo, ambazo fedha yake hutoka nje ya kikundi. Siku hizi kuna pia mkopo wa simu. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ikafuata Kenya mwaka 2012, na sasa mama anaweza kukopa akiwa jikoni kwake bila kuonana na mtu yeyote.

Msafiri akikumbuka kwamba taasisi za mikopo na vikundi vya hisa vimetoka katika koo mbili, hatachanganyikiwa. Ukoo mmoja ulianzia Bangladesh, ambako Muhammad Yunus aliwakopesha wanakijiji wa Jobra fedha kidogo mwaka 1976. Mwaka 1983 mpango wake ukawa benki kamili, Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Taasisi nyingi za Afrika Mashariki zinazokopesha wanawake kwa dhamana ya wenzao zimechota utaratibu wao huko. Ukoo wa pili ni wa Afrika: mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE liliwasaidia wanawake kuboresha upatu wao ili akiba iweze kukopeshwa na kuzaa. Utaratibu huo, ulioitwa Mata Masu Dubara, ndio mama wa vikundi vya hisa vilivyoenea baadaye Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Katika ukoo wa kwanza fedha ni ya mtu mwingine, na anayekopa ana mkubwa wa kumjibu. Katika wa pili fedha ni ya wanachama, na anayekopa anawajibu majirani zake. Uchungu wa deni haufanani, riba haina maana moja, na hata kicheko cha kikao si kilekile. Ziara fupi inayoangalia kikundi kimoja cha kila ukoo ndani ya wilaya moja hufunza kuliko ile inayozunguka nchi nne na kupiga picha katika vituo ishirini.

Kabla ya safari ni vyema kujua nani anasimamia nini. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni zisizopokea amana, wakiwemo watu binafsi wanaokopesha. Yote mawili yako chini ya Benki Kuu. Daraja la tatu ni SACCOS, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii, vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Kenya ilitunga sheria ya taasisi za mikopo midogo mwaka 2006 na ya SACCO mwaka 2008. Uganda iliweka sheria ya wakopeshaji wadogo mwaka 2016. Swali jepesi la kuuliza kila mahali ni "mmesajiliwa wapi, na cheti kiko wapi?" Kikundi kizuri hutoa cheti na katiba bila kusita, mara nyingi vimehifadhiwa ndani ya sanduku lilelile la fedha.

Kusoma kidogo kabla ya kusafiri huwaepusha wageni na imani mbili zinazowapofusha, ile ya kwamba mkopo mdogo unaufuta umaskini na ile ya kwamba ni mtego mtupu. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zikilinganisha maeneo au watu waliofikiwa na mikopo na wale ambao hawakufikiwa. Jumla ya matokeo yake ni kwamba mikopo iliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga matumizi na biashara zao, lakini haikubadilisha kipato cha kaya ya kawaida kwa kiwango kikubwa. Anayesafiri akiwa na jambo hilo kichwani hatashangaa akimkuta mwanachama wa miaka mingi bado anauza maandazi palepale alipoanzia, ila sasa watoto wanasoma na paa halivuji. Hayo ndiyo matokeo, wala si kushindwa.

Maandishi ya zamani yasomwe kwa tahadhari pia. Jamii Bora ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Ingrid Munro pamoja na wanawake 50 waliokuwa ombaomba, ilisifiwa sana katika vitabu na magazeti. Mwaka 2010 iligeuka benki, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Benki ya Ushirika ya Kenya na kubadilishwa jina. Kenya Women Finance Trust, iliyoundwa mwaka 1981, nayo imekuwa taasisi inayopokea amana. Msafiri anayekuja kutafuta shirika alilolisoma miaka kumi na mitano iliyopita huenda akakuta kaunta, vioo na foleni.

Majira ya safari huamua kitakachoonekana. Vikundi vingi vya hisa huvunja mzunguko na kugawana fedha mwezi Desemba, ili fedha iwahi sikukuu na ada za shule za Januari. Mgeni anayekuja wakati huo hukuta vitenge vipya, pilau na vigelegele, akarudi akiamini kwamba vikoba ni sherehe. Anayekuja Februari au Machi hukuta mzunguko mpya haujashika, mifuko imekauka na ada zimekomba kila kitu, na huo ndio wakati wa kujifunza. Vijijini kuna pia miezi ya njaa kabla ya mavuno, ambapo marejesho hulegea. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hukata barabara nyingi za vumbi; anayechagua miezi hiyo apange vijiji vya karibu na lami. Katika mwambao na visiwani, mwezi wa Ramadhani hubadilisha saa za vikao na nguvu za watu, na si heshima kuwataka wenyeji waliofunga wakae na wageni mchana kutwa. Juni hadi Septemba ni miezi ya wastani: barabara ni kavu, mzunguko umefika katikati, na mikopo mingi iko mikononi mwa watu.

Mwenyeji huandikiwa mapema, miezi mitatu au minne kabla, na barua ieleze wazi wanaokuja ni nani, wanataka kuona nini na hawaahidi nini. Kipengele hicho cha mwisho hurukwa na wengi, nacho ndicho kinachozuia malalamiko. Tanzania Bara, ugeni wa kijijini au mtaani hupita kwa mtendaji, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayevijua vikundi kwa majina na kwa tabia zake. Kama wageni wanakuja na madodoso ya kujaza, hiyo huhesabika kuwa utafiti. Utafiti huhitaji kibali, kinachotolewa na tume za sayansi, COSTECH kwa Tanzania Bara na NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ni rahisi zaidi kuacha madodoso nyumbani na kuja na masikio.

Idadi ya wageni nayo ina uzito wake. Kikundi cha hisa huwa na watu kumi na watano hadi thelathini. Wageni kumi na wawili wakiingia kikaoni mara moja, kikao hicho si cha wenyeji tena. Heri wagawanyike wanne wanne waende katika vikundi tofauti siku ileile, kisha jioni wasimuliane. Mgawanyiko huo huleta faida nyingine: masimulizi yakitofautiana, kikundi kimepata jambo la kufuatilia kesho yake.

Kikao chenyewe kitazamwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wageni wawe wameketi kabla sanduku halijaletwa. Kwa kawaida wanachama hukaa kwenye mkeka au viti vya plastiki kwa kufuata namba zao. Sanduku la chuma huwekwa katikati, lina kufuli tatu, na funguo zake hutunzwa na wanachama watatu wasio viongozi. Aliyelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo. Likishafunguliwa, mwenyekiti huuliza kikao kilichopita mfuko wa jamii, yaani fedha ya kusaidiana wakati wa shida, uliishia na shilingi ngapi, na jibu hutoka vinywani mwa wanachama kabla daftari halijafunguliwa. Hicho ndicho kitendo cha kutazamwa kwa makini kuliko vyote. Kikundi ambacho kila mtu anakumbuka salio, hata bibi asiyejua kusoma, hakiibiwi kirahisi. Kikundi ambacho wote wanamgeukia katibu ili awasomee kina mashaka, hata kama daftari lake limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza.

Baada ya hapo namba huitwa moja moja. Mwanachama hujongea, huweka fedha ndani ya beseni, wahesabu fedha wawili huihesabu kwa sauti, na kitabu chake hugongwa mihuri kwa idadi ya hisa alizonunua, kuanzia moja hadi tano. Nafasi zilizobaki wazi katika safu ya siku hiyo hupigwa mstari ili mtu asije akagonga mhuri usiku. Zinafuata faini: aliyechelewa, aliyeacha simu ikalia, aliyepiga soga wakati wa kuhesabu. Kisha marejesho, kisha maombi ya mikopo mipya, ambayo kwa kawaida hayazidi mara tatu ya akiba ya mwombaji. Mwombaji husema mbele ya wote fedha ni ya nini na atairejesha lini. Mgeni aangalie hapo nani anauliza maswali na nani ananyamaza. Maombi yakipitishwa yote bila neno, ama kikundi kinaaminiana kupita kawaida, ama mikopo ilishagawanywa nje ya kikao.

Hesabu ya kuvunja mzunguko haina ugumu, na inafaa kila msafiri aijue kabla ya kuja. Tuseme kikundi cha wanachama 25 kinauza hisa kwa shilingi 2,000, na kwa mwaka zimenunuliwa hisa 3,000. Akiba ni shilingi 6,000,000. Siku ya kuvunja, mikopo yote ikiwa imerudi pamoja na riba na faini, sandukuni kuna shilingi 7,200,000. Kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,400. Aliyenunua hisa 120 aliweka shilingi 240,000 na ataondoka na 288,000. Riba ya kikoba, hata ikiwa asilimia kumi kwa mwezi, huishia mifukoni mwa walioilipa na wenzao. Kwa hiyo mgeni anayesikia kiwango hicho na kupiga kelele za unyonyaji amekosea mlango. Jambo la kuchunguza ni mgawanyo: kama wawili watatu wenye hisa nyingi hawakopi kamwe na walio fukara ndio wanaokopa kila mwezi, basi faida inatoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nacho, ndani ya sanduku moja.

Anayetaka kuona kikundi cha hisa kilichokaa muda mrefu anaweza kwenda Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ambako CARE ilianzisha vikundi vya namna hii zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Baada ya mradi kumalizika vikundi viliendelea kuongezeka, kwa kuwa wakufunzi walikuwa wenyeji. Mahali pa aina hiyo pana faida kuliko mradi ambao gari la mfadhili bado limeegeshwa uani: kinachoonekana ni kile kilichobaki.

Upande wa taasisi za mikopo, wageni waombe kwenda na afisa mikopo kwenye kituo siku ya marejesho, wasiishie ofisini kwenye kiyoyozi. Wanawake hufika kwa makundi ya watu watano watano, kila kundi likidhaminiana. Afisa hukusanya au huhakiki malipo yaliyotumwa kwa simu, na kituo hakifungwi mpaka hesabu itimie. Mmoja asipotokea, wenzake hupiga simu, mmoja hutumwa nyumbani kwake, na mwisho wa yote hujichanga kufidia. Mbele ya wageni jambo hilo hufanyika kwa utulivu wa kujikaza. Bila wageni huweza kuishia kwa maneno makali, au kwa televisheni na makochi kubebwa. Mgeni asilazimishe kuona hayo, lakini asiondoke bila kuuliza asiyelipa hufanywa nini, na aulize pande zote mbili, kwa afisa na kwa wanakikundi, kwa nyakati tofauti.

Riba ya taasisi nayo inahitaji kalamu. Mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, una gharama mbili tofauti kulingana na namna ya kukokotoa. Riba ikikokotolewa kwa mkopo wote hadi mwisho, ni shilingi 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Ikikokotolewa kwa deni linalobaki kila mwezi, jumla ni shilingi 63,000. Asilimia ni ileile kwenye bango, na tofauti ni shilingi 45,000, ambazo kwa mama muuza mboga ni mtaji. Ongeza ada ya fomu, bima ya mkopo na akiba ya lazima: mkopaji akikatwa asilimia kumi mwanzoni anatoka na shilingi 540,000 huku akidaiwa 600,000. Swali la kumwuliza mkopaji ni "ulishika mkononi kiasi gani, na umelipa jumla kiasi gani?" Majibu hayo mawili, yakilinganishwa na bango la ofisini, hueleza mengi kuliko hotuba ya meneja.

Pembeni mwa taasisi zenye leseni kuna soko ambalo halimo katika ratiba ya ziara yoyote. Tanzania watu huiita mikopo yake kausha damu: fedha hutolewa papo kwa hapo, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na kadi ya benki au hati ya kiwanja hushikwa rehani. Kenya kuna programu za simu zinazokopesha kwa dakika chache na kisha kuwapigia simu ndugu na mabosi wa mdaiwa. Ziara isiyolitaja soko hilo imeona nusu ya mambo, kwa sababu kikoba na kausha damu mara nyingi vina mteja mmoja. Mwanamke anaweza kulipa marejesho ya taasisi kwa fedha ya kikoba, akalipa kikoba kwa upatu, na upatu ukakwama akakimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani. Vilevile kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri za Tanzania, inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebishwa baada ya kasoro za utoaji na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Ni vizuri kumuuliza afisa maendeleo ya jamii ni kitu gani kilichobadilishwa.

Katika mazungumzo, maswali ya jumla huzaa majibu ya jumla. Anayeulizwa kama mkopo umemsaidia atasema umemsaidia sana. Adabu inamtaka aseme hivyo. Maswali yanayofungua mlango ni ya vitu na siku: mkopo wa kwanza ulinunua nini, wa pili ulikwenda wapi, na wiki ambayo biashara haikutoka marejesho yalipatikana wapi? Hili la mwisho ndilo swali kuu la ziara nzima, na liulizwe faraghani. Kuzungumzia deni la mtu mbele ya wenzake, au mbele ya afisa anayemdai, ni kumvunjia heshima. Pia watafutwe walioacha. Kila kikundi kina watu waliotoka, na mwenyekiti mwaminifu atawataja. Nusu saa na mwanamke aliyejiondoa huangaza pale ambapo vikao vitatu vimeacha giza.

Mkalimani asiwe mtumishi wa taasisi inayotembelewa, na akiwa mwanamke wa makamo anayeheshimika, milango hufunguka zaidi. Hata wageni wanaojua Kiswahili wanaweza kumhitaji, maana vikao vingi vya vijijini huteremka kwenye lugha ya nyumbani pale mambo yanapokuwa matamu au machungu. Mgeni kijana awaamkie wakubwa kwa shikamoo, awaite mama fulani kwa jina la mtoto pale anapojulishwa, na visiwani awaite bibi kwa heshima zao. Kanga au kitenge kiunoni kinafaa popote. Viatu huvuliwa pembeni mwa mkeka. Picha ziombewe ruhusa kwa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa ruhusa ya mwenyekiti si ruhusa ya wanachama, na picha ya sanduku likiwa wazi au ya nyumba linakolala isipigwe kabisa: ni kumwelekeza mwizi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Uso na jina la mdaiwa si mali ya mpiga picha.

Zawadi ndiyo sehemu inayoharibu ziara nyingi zilizoanza vizuri. Fedha ya mgeni ikiingia sandukuni, kikundi hubadilika. Wanachama waliokuwa wakirejesha kwa sababu fedha ni ya jirani yao huanza kukopa fedha isiyo na mwenyewe, na vikundi vya jirani huacha kununua hisa vikisubiri wazungu wao, hata kama wageni wenyewe walikuwa Wakenya. Kiongozi wa msafara awakataze wenzake mapema, tena kwa maandishi, kutoa ahadi yoyote kikaoni. Kinachofaa ni kidogo na cha wazi: mchango kwenye mfuko wa jamii usiozidi kile ambacho mwanachama mwenyewe angeweza kutoa, ukitangazwa mbele ya wote na kuandikwa. Chakula cha mchana kinunuliwe kwa mama lishe aliye mwanachama, kwa bei yake, na vikapu, batiki au asali vinunuliwe bila kuomba kupunguziwa ili kuonyesha ujanja, na bila kulipa mara tatu ili kuonyesha huruma. Wanachama watakaopoteza siku ya kazi kwa ajili ya mahojiano marefu wafidiwe nauli na muda kwa kiwango kimoja kilichokubaliwa na mwenyeji kabla.

Mambo ya safari yenyewe hayahitaji maneno mengi. Kenya tangu Januari 2024 huwataka wageni wengi waombe idhini ya kuingia kwa mtandao kabla ya kupanda ndege. Tanzania ina viza ya mtandaoni, na wanaokuja kujitolea kazi wasiingie kwa viza ya matembezi. Cheti cha homa ya manjano huhitajika kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na dawa ya kuzuia malaria ni suala la kumwona daktari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi zote mbili. Siku kumi zinatosha kwa mkoa mmoja na kisiwa kimoja, mradi mbili kati ya hizo ziachwe tupu: vikao huahirishwa kwa misiba, na msiba ukitokea, kwenda kuhani pamoja na wenyeji ni sehemu ya ziara. Huko mgeni ataona mfuko wa jamii ukifanya kazi yake kwa fedha taslimu.

Kila jioni msafara ukae saa moja na daftari moja la pamoja. Kilichoonwa kiandikwe mbali na kilichosimuliwa, na hesabu zilizotajwa zijumlishwe papo hapo, kwani hesabu zisizokubaliana hutambulika mapema na huulizwa tena kesho yake. Wanachama wa msafara wenye chama chao cha akiba huko walikotoka wafike na katiba yao na kuionyesha. Wenyeji hupenda kuuliza pia, na mazungumzo hunoga pale ambapo mgeni naye ameeleza jinsi mwanachama mmoja wa chama chake alivyokopa na kutoroka.

Baada ya kurudi, wapo watakaotaka kuendelea kusaidia. Njia maarufu ni tovuti za kukopesha mtu mmoja mmoja, kama Kiva, iliyoanza mwaka 2005 na mikopo yake ya kwanza ikiwa Uganda. Anayeitumia ajue kwamba fedha yake hupitia kwa taasisi mshirika, na mara nyingi mkopo wa mwenye picha huwa umeshatolewa kabla picha haijawekwa. Kinachosaidiwa hasa ni mtaji wa taasisi, kwa hiyo taasisi ndiyo ya kuchunguzwa. Njia nyingine, isiyo na picha nzuri, ni kulipia mafunzo: mkufunzi wa kijijini wa kuanzisha vikundi vipya, vitabu vya hisa na mihuri, masanduku, au ukaguzi wa hesabu wa SACCOS changa. Fedha hiyo haiingii sandukuni, na haimfanyi mtu mdaiwa.

Taarifa ya ziara iandikwe kwa Kiswahili kwanza na ipelekwe kwa vikundi vilivyotembelewa ndani ya mwezi mmoja au miwili, ikiwa na picha zilizochapishwa kwa karatasi na namba zilezile walizozitoa wenyewe. Wapewe nafasi ya kusahihisha kabla haijasomwa ughaibuni au kanisani. Makosa yatakuwepo: hisa iliyoandikwa kuwa mkopo, riba ya mwezi iliyogeuzwa ya mwaka, mjane aliyeandikwa kuwa ameachika. Mwenyekiti atayaona yote, na masahihisho yake yaingizwe kabla nakala ya pili haijatoka.